Mstari Mweusi na Maneno Yenye Ukungu

*Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, Morogoro. Tulinunua skana ya mkononi, ile ya fimbo inayoburuzwa juu ya karatasi, tuhifadhi madaftari yetu ya zamani. Kila picha ina mstari mweusi kuanzia juu hadi chini, na maneno ya karibu na mgongo wa daftari hayasomeki. Aliyetuuzia anasema tupandishe dpi hadi 900. Tufanyeje?*

Ndugu Katibu,

Hiyo 900 achaneni nayo. Kwa maandishi ya kalamu 300 inatosha. Mkipandisha, ukungu utabaki uleule, faili ndiyo itakayonenepa.

Mstari ni uchafu. Ndani ya fimbo hiyo mna safu moja ya vihisi vya mwanga, na mbele yake vijilenzi vidogo vilivyojipanga nyuma ya kioo. Kila kihisi hutazama sehemu yake tu ya karatasi, mwanzo hadi mwisho wa safari. Punje ikiganda kwenye kioo hapo, hupigwa picha muda wote unapoburuza, ndipo inapokuwa mstari. Pima mstari uko umbali gani kutoka ukingo wa picha, kisha kagua kioo kwa umbali huo kutoka kila ncha. Aghalabu mtakuta wino au gundi ya seloteipu.

Zima skana, toa betri. Ondoa kwanza vumbi kwa kipampu cha mpira, maana mchanga ukisuguliwa hukwaruza kioo, na mkwaruzo haufutiki. Kisha pangusa kwa kitambaa cha miwani kilicholoweshwa kidogo alkoholi ya isopropili. Usimimine kitu moja kwa moja kwenye kioo. Kanga, tishu na petroli, hapana. Picha ikiwa imefifia yote bila mstari, shuku mafuta ya vidole.

Ukungu wa mgongoni ni jambo jingine, na kusafisha hakutausaidia. Fokasi ya skana hiyo imefungwa kiwandani ili ione karatasi inayogusa kioo. Karatasi ikiinuka hata milimita mbili tatu, herufi hutawanyika. Daftari nene hupinda mgongoni, ndipo karatasi inapoachana na kioo. Wekeni vitabu chini ya jalada la upande wenye kurasa chache ili pande zote mbili zilingane, mwenzako akandamize kwa kiganja, na uburuze sambamba na mgongo, polepole. Msifunike ukurasa kwa kioo au plastiki nene mkidhani mnaunyoosha: mnausogeza mbali na fokasi.

Maneno yaliyozama kabisa mgongoni skana haitayafikia. Hapo tumieni simu: futa lenzi, ishike kama futi moja juu ya ukurasa, gusa maneno kwenye skrini ishike fokasi, ndipo upige. Kurasa mlizokwisha skani zikiwa na ukungu, zirudieni sasa, kabla madaftari hayajarudishwa stoo, kwani hakuna programu itakayosoma tarakimu za mkopo ambazo lenzi haikuziona.