Kijana Akiwa Rumande: Kwa Nini Apimwe Magonjwa ya Zinaa

Mtoto anapofikishwa kortini na kupelekwa rumande, wazazi wengi huuliza kesi itasikizwa lini na dhamana ni pesa ngapi. Ni wachache wanaouliza kuhusu afya yake. Makala haya yanawaeleza wakazi wa Kathiani jinsi vijana walio kizuizini wanavyopaswa kupimwa na kutibiwa magonjwa ya zinaa, na nafasi ya mzazi katika jambo hilo.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema mtoto azuiliwe tu kama hatua ya mwisho, kwa muda mfupi kabisa unaofaa, na atengwe na watu wazima. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi, na Kifungu cha 51 kinalinda haki za anayezuiliwa. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 zinataka kila kijana achunguzwe na daktari mara tu anapoingia kizuizini.

Mahabusu ya watoto iliyo karibu nasi iko mjini Machakos. Mahabusu na shule za urekebishaji ziko chini ya serikali ya kitaifa, lakini hospitali za kaunti na zahanati ni jukumu la serikali ya kaunti. Kwa hivyo kijana huyu hutegemea serikali mbili, na zisipowasiliana, anaweza kukosa matibabu.

Kwa nini apimwe bila dalili?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2020 kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne ya zinaa yanayotibika: klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi. Mengi hayaonyeshi dalili. Msichana anaweza kuwa na klamidia miezi mingi bila maumivu, kisha ugonjwa upande hadi kwenye mirija ya uzazi na kumfanya tasa. Kaswende isiyotibiwa inaweza kudhuru moyo na ubongo, na mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni.

Katika vituo vingi vya afya nchini, mgonjwa hutibiwa kulingana na dalili anazoeleza. Njia hiyo humsaidia anayetokwa na usaha au mwenye kidonda, lakini asiye na dalili hupitwa. Ndiyo maana uchunguzi wa kila anayeingia ni muhimu.

Upimaji wenyewe si mgumu. Klamidia na kisonono hupimwa kwa mkojo. Kaswende hupimwa kwa tone la damu ya kidole, na majibu hutoka kwa muda usiozidi dakika 20. Klamidia hutibiwa kwa vidonge, kisonono kwa sindano, na kaswende ya mapema kwa sindano ya penisilini.

Pengo la siku chache

Chukua mfano wa kijana wa miaka 16 kutoka Mitaboni. Anaingia mahabusu Jumatatu na kutoa mkojo Jumatano. Ijumaa korti inamwachilia. Majibu yanapotoka wiki inayofuata yakionyesha ana klamidia, yeye yuko nyumbani na hajui. Mpenzi wake pia hajui.

Pengo hili huzibwa kwa hatua tatu: kupima siku ya kwanza, kuandika njia ya kumpata kijana kwa siri baada ya kuachiliwa, na kumpa barua ya rufaa ili aendelee na matibabu karibu na kwao, kwa mfano katika Hospitali ya Kathiani. Mpenzi wake naye atibiwe, na wote wawili wajiepushe na ngono kwa siku 7 baada ya matibabu, la sivyo wataambukizana tena.

Ridhaa na siri

Kupimwa si adhabu. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupima virusi vya Ukimwi. Mtoto hupimwa kwa ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi, lakini aliye mjamzito, aliye mzazi, aliyeolewa au kuoa, au aliye katika hatari ya kuambukizwa anaweza kuridhia mwenyewe kwa maandishi. Majibu ya vipimo ni siri ya mgonjwa na mhudumu wa afya. Kijana akihofia kwamba wenzake au walinzi watajua, hatasema ukweli.

Wakati mwingine ugonjwa wa zinaa kwa mtoto huonyesha kwamba amedhulumiwa kingono. Hapo mhudumu na afisa wa watoto wanapaswa kumlinda, si kumlaumu. Ikiwa dhuluma ilitokea karibuni, apelekwe hospitalini mara moja: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanza kutumiwa kabla ya saa 72 kupita.

Mzazi afanye nini?

- Mwulize afisa wa watoto kama mtoto wako amechunguzwa na mhudumu wa afya.
- Eleza dawa anazotumia na magonjwa aliyowahi kuugua.
- Akiachiliwa, omba barua ya rufaa na umsindikize kituoni.
- Usimshurutishe akuambie majibu. Mhimize amalize dawa zote, hata akijisikia amepona.
- Ukishuku dhuluma, piga simu 116 bila malipo.

Vijana hawa watarudi Mitaboni, Kaani, Iveti na Kathiani mjini. Wakitibiwa wakiwa kizuizini, wao na jamii yote watakuwa salama zaidi.