Maji Yakiganda Bombani: Somo la Kipupwe kwa Walimu Watarajiwa wa Nyanda za Juu

Mwambie mtu wa Dar kwamba hapa Tanzania kuna asubuhi unafungua koki na maji hayatoki kwa sababu yameganda, atakujibu kwamba umeangalia sana filamu za Ulaya. Lakini kwa sisi tunaosoma Iringa na Mbeya, na hasa sisi wa ualimu tunaopangiwa TP popote, hili si jambo la kwenye filamu. Kati ya Juni na Agosti, uwanda wa Kitulo, Makete, Njombe na baadhi ya mabonde ya Mufindi hupata jalidi, yaani ule umande unaogeuka barafu juu ya majani. Wakulima wa viazi na chai wanaijua vizuri kwa sababu inawaunguzia mazao. Na panapoganda umande, bomba lililolala juu ya nyasi nalo lina kesi ya kujibu.

Nataka tujibu maswali matatu: kwa nini maji yanaganda wakati redio haijatangaza sifuri, kwa nini bomba linapasuka, na nini kifanyike kwa gharama ambayo shule ya kata inaweza kuibeba. Hoja yangu ni moja: baridi yetu ni ya usiku mmoja mmoja, si ya miezi. Kwa hiyo kinga yake ni rahisi, na hakuna sababu ya mwanafunzi kukosa maji kwa ajili yake.

Kwa nini huku na si mjini

Tusitishane. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,700 na Iringa mjini iko chini kidogo ya hapo. Mwenye geto mjini, bomba lake likiwa limezikwa, alale tu. Lakini joto la hewa hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Kitulo ni mita 2,600 na kuendelea. Piga hesabu: asubuhi ya nyuzi 7 Mbeya mjini, kule juu unakaribia sifuri.

Halafu kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa huwekwa kivulini, ndani ya kisanduku chenye matundu, kwenye kimo cha kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi inatoa joto lake kwenda angani bila kizuizi, na hewa iliyogusana na nyasi inapoa kuliko ile ya juu yake. Ndiyo maana redio inaweza kusema nyuzi 3 na wewe ukakuta nyasi nyeupe. Tena hewa baridi ni nzito, inateremka na kutuama bondeni kama maji. Kwa hiyo nyumba ya bondeni inaumia kuliko ya mlimani kidogo, ingawa watu wengi hudhani ni kinyume chake. Mawingu yakitanda, yanakuwa kama blanketi na usiku huo unasalimika.

Kwa nini bomba linapasuka

Vitu vingi vikipoa vinasinyaa. Maji nayo yanasinyaa mpaka nyuzi 4, halafu yanageuza: yanaanza kutanuka, na yakiwa barafu yanachukua nafasi kubwa zaidi kwa karibu asilimia 9. Mpaka hapo ni Fizikia ya sekondari, kila mtu ameikariri.

Kitu ambacho hatukikariri ni kwamba mara nyingi bomba halipasuki pale barafu ilipo. Barafu inaanza sehemu moja na kuwa kama kizibo. Kizibo kinavyokua kinasukuma maji yaliyobaki kuelekea kwenye koki iliyofungwa. Maji hayashindiliki, hayana pa kwenda, shinikizo linapanda, na sehemu dhaifu kati ya kizibo na koki ndiyo inayoachia: maungio, mpira wa koki, au koki yenyewe ya plastiki.

Shule niliyofanyia TP mwaka jana ilikuwa juu, upande wa kuelekea Kitulo. Maji ya mserereko yalifika vizuri hadi kwenye simtanki. Kutoka hapo, bomba jeusi la plastiki la nusu inchi lilitambaa juu ya ardhi kama mita 80 mpaka jikoni na mabwenini. Asubuhi ya jalidi maji yalianza kutoka saa tatu, jua likishapasha bomba. Uji ulichelewa, kipindi cha kwanza kikaliwa, na wasichana wa bweni walikuwa wanashuka mtoni na ndoo saa kumi na moja alfajiri, giza bado halijatoka. Siku moja koki iliachia, na simtanki zima likamwagika kabla mtu hajaona. Siku hiyo hapakuwa na maji mpaka jioni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliuliza, "Mwalimu, kwa nini linapasuka jua likitoka na si usiku wakati wa baridi?" Wenzake wakacheka. Lakini swali lilikuwa zuri kuliko andalio langu la somo. Bomba linapasuka usiku. Barafu ndiyo inayoziba ufa. Jua likiyeyusha barafu, ndipo uvujaji unaonekana.

Swali la kuchekwa lina historia hapa Iringa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Tanga, aliona mchanganyiko wake wa maziwa ya kutengenezea aiskrimu ukiganda mapema kuliko ya wenzake ingawa aliuweka kwenye friza ukiwa wa moto. Hakuaminiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, enzi hizo ikiwa shule ya sekondari, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wakacheka, lakini Osborne alikwenda kupima, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu zake, na hata kama jambo hilo hutokea kila mara. Ila mafundi bomba wa nchi za baridi wamesema kwa muda mrefu kwamba bomba la maji ya moto nalo huganda, pengine hata kabla ya lile la baridi. Kwa hiyo lodji au nyumba yenye hita ya sola juu ya paa isidhani kwamba bomba la moto halihitaji kinga.

Nini kifanyike

Kwanza, zika bomba. Hii ndiyo kinga kuu. Kaskazini mwa Marekani na Kanada baridi inakaa miezi, inazama ardhini, na mabomba huzikwa hadi mita 2 na zaidi. Kwetu jua linarudi kila asubuhi, kwa hiyo baridi ya usiku haizami mbali. Ukifika nusu mita chini, udongo hautofautishi usiku na mchana. Mtaro wa sentimita 50 hadi 60 unatosha, na unakinga pia dhidi ya jembe na kwato za ng'ombe. Mita 80 ni kazi ya Jumamosi moja kwa wazazi kumi wenye majembe.

Pili, funika panapobaki wazi: pale bomba linapotoka ardhini, kwenye koki na kwenye mdomo wa simtanki. Nyasi kavu, magunia, au vumbi la mbao na maranda, ambayo pale Mafinga hayana shida. Zungushia nailoni kwa nje ili mvua na umande visiingie, maana gunia lililolowa halikingi kitu. Na kumbuka blanketi halina joto lake, linachelewesha tu baridi. Kwa usiku mmoja, kuchelewesha kunatosha.

Tatu, anga ikiwa wazi na upepo umetulia jioni, mwaga maji ya bombani. Funga koki ya kwenye tanki, fungua koki ya juu iingize hewa na ya chini kabisa itoe maji, kisha ziache wazi. Bomba tupu haliwezi kupasuka. Jaza ndoo na masufuria ya uji kabla ya kulala. Kuacha maji yadondoke kidogo usiku kucha nako kunasaidia, kwa sababu kunapunguza lile shinikizo, ila kwa shule yenye tanki moja ni kupoteza maji.

Nne, likishaganda, usiwashe moto. Bomba la plastiki litayeyuka. Fungua koki, halafu anzia upande wa koki kurudi nyuma, ukifunga vitambaa vilivyolowekwa maji ya uvuguvugu, siyo yanayochemka. Au subiri jua. Na usiingize jiko la mkaa bafuni au chumbani "kupasha bomba" huku umefunga mlango: kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua mtu akiwa usingizini.

Kazi ya darasani

Ukipangiwa TP huko juu, jaribu hili. Chukua chupa mbili za plastiki, jaza maji hadi alama moja. Moja ilaze juu ya nyasi, nyingine izike nusu mita. Alfajiri wanafunzi wapime joto la kila moja na kuangalia alama. Kisha waulize bomba la shule yao linafanana na chupa ipi. Wakishajibu, nenda na majibu hayo kwa mkuu wa shule na kwenye kikao cha wazazi, mwezi Aprili au Mei, kipupwe hakijafika.