Kopo la Maua ya Darasani



Kuotesha maua darasani ni somo zuri. Mtoto huona kwa macho yake mbegu ikichipua, tena hujifunza kutunza kiumbe cha Mungu. Lakini hapa Lusu, katika wilaya ya Nzega yenye dhahabu, tuulize kwanza: kopo limetoka wapi?

1. Chombo. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki, na wakulima wa tumbaku na pamba hutumia dawa za kuua wadudu. Vyombo vya vitu hivyo visitumike kamwe, hata vikioshwa kwa sabuni. Zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa kwa watoto na mimba. Ndiyo maana Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 wa kuidhibiti. Tumieni chupa ya maji ya kunywa au dumu la mafuta ya kula. Mtu mzima alikate na kulitoboa matundu chini.

2. Udongo. Uchotwe bustanini na kuchanganywa na mboji. Usichotwe mahali panaposafishiwa dhahabu.

3. Mbegu. Alizeti ni rahisi kuliko maua mengi. Fukieni mbegu kina cha sentimita 2 au 3, mweke kopo dirishani penye jua. Baada ya wiki moja hivi itachomoza. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi zina dawa, watoto wasizitafune. Msipande mnyaa: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza. Ikitokea, oshea jicho maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpelekeni mtoto zahanati haraka.

4. Maji. Mwagilieni kidogo udongo ukikauka. Maji yaliyotuama kwenye kisahani yamwagwe kila baada ya siku 3 au 4 na kisahani kisuguliwe, kwani mbu wa homa ya dengue hutaga hata katika chombo kidogo.

5. Mikono. Kila aliyeshika udongo anawe kwa sabuni kabla ya kula, ili kujikinga na mayai ya minyoo.

Mvua za Novemba zikianza, hamishieni miche nje ya darasa.

Mzazi, mtoto akiomba kopo la kupeleka shuleni, usimwambie akaokote lolote. Mchagulie wewe mwenyewe.