UFA USIOZIBWA

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanachama wenzangu, sina nia ya kushindana na wahenga. Lakini katika kibanda cha kuziba pancha cha ami yangu, ambako humsaidia kila Jumamosi, nimejua kuwa uko ufa usiozibwa hata ukiletewa pesa mbele.

Mwenye gari akifika huuliza, "Ni pesa ngapi?" Fundi naye huanza kwa kutazama tairi limetobokea wapi. Uso wa tairi, yaani pale panapokanyaga barabara, ni mnene, na ndani yake mna nyaya za chuma. Tundu la msumari hapo, lisilozidi milimita 6, huzibika. Ubavu, ule upande wenye maandishi, ni mwembamba. Gurudumu la gari dogo huzunguka karibu mara 500 katika kilomita moja, na kila mzunguko ubavu hujikunja na kujinyoosha. Kiraka kitashikaje mahali pasipotulia? Ubavu hauzibwi, na bega linalouunganisha na uso halizibwi pia.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe. Tairi lisilo na tyubu watu wengi hulichomeka utambi wa mpira kutoka nje kwa sindano nene. Ni kazi ya dakika tano, wala tairi halitolewi kwenye rimu. Utambi hukufikisha nyumbani, sikatai, lakini hujui ndani kuna nini. Kama dereva aliendesha bila upepo, hata mwendo mfupi, ubavu umesagika kwa ndani. Siku moja tulifungua tairi ambalo kwa nje lilikuwa zima kabisa, tukamwaga unga mweusi mfano wa masizi. Hilo lilikuwa la kutupwa.

Kwa hivyo njia bora ni kulitoa tairi, kulikagua, kisha kuziba kwa ndani. Unakwaruza mpira, unapaka gundi, halafu unangoja. Hapa ndipo sisi vijana tunapoharibu, maana tunabandika gundi ikiwa bado majimaji. Ngoja mpaka ukiigusa inanata kidogo tu. Hata hivyo kiraka peke yake huliacha tundu wazi kwa nje, maji yakaingia na kutia kutu zile nyaya. Ndiyo sababu ami hupendelea kiraka chenye umbo la uyoga, ambacho shina lake hujaza tundu na kichwa chake huziba ndani.

Tyubu za baiskeli na mikokoteni hazina maneno mengi. Kiraka cha gundi chatosha, au cha kuchomwa moto. Mliosoma salfa katika kemia mnajua Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa huwa imara. Lakini msidanganywe kutia tyubu ndani ya tairi lililopasuka ubavu. Tyubu hushika upepo, ila ukuta uliochoka haiutii nguvu.

Nirudi kwa ule ufa. Jumamosi moja dereva wa matatu alituletea tairi lenye msumari ubavuni. Ami akakataa. "Fundi, niwekee chochote nimalize siku," dereva akasihi. Asubuhi yote hatukuwa tumepata hata mteja mmoja, na mimi nilikuwa na haja ya pesa za kitabu. Nikamnong'oneza ami tumsaidie tu.

"Wewe ungepanda?" akaniuliza. Sikujibu. Dereva akalibeba tairi lake akaenda zake akinung'unika.

Jumatatu nilikuwa stejini alfajiri nikingoja gari la kwenda shule, ikaja matatu ile ile. Niliinama kutazama gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Ubavuni, kando ya maandishi, mkia wa utambi ulikuwa ukichungulia.

"Wewe mwanafunzi, unaingia ama unahesabu matairi?" makanga akafoka.

Nilimwambia dereva nilichokiona, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasikia. Yeye na mimi tulibaki. Wengine walipanda, gari likaondoka limejaa. Iliyofuata ilikawia, nikafika shuleni gwaride limekwisha, na mwalimu wa zamu akaniokotesha takataka hadi kipindi cha pili. Matatu ile ilifika salama siku hiyo. Jioni nilipomweleza ami, alinipa brashi ya waya akaniambia nikakwaruze kiraka.