Gobore Lina Nini Ndani? Maswali na Majibu Kuhusu Kushindilia na Kufyatua kwa Usalama

Baada ya mapigano ya Gettysburg huko Pennsylvania, Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jeshi la Kaskazini liliokota bunduki 27,574 zilizotapakaa uwanjani. Takriban 24,000 zilikuwa bado zimejazwa. Karibu nusu ya hizo zilikuwa zimeshindiliwa mara mbili, robo mara tatu hadi kumi, na moja ilikutwa na baruti na risasi za mara 23, zimepandana ndani ya mtutu mmoja. Walioziangusha hawakuwa watoto wala wageni wa silaha. Walikuwa askari waliofundishwa kujaza bunduki hatua kwa hatua. Lakini katikati ya kishindo na moshi askari hufyatua, bunduki yake haitoi moto, naye hajui kwa sababu wenzake wa kulia na kushoto wamefyatua wakati huohuo. Basi humimina baruti nyingine.

Gobore hujazwa kwa mdomo wa mtutu, na upande wa pili umezibwa. Hakuna mahali pa kufungua ukachungulia. Karibu kila hatari ya silaha hii inaanzia hapo, na karibu kila kanuni ya usalama wake ni njia ya kujua kwa hakika kilichomo ndani.

Siku hizi bunduki hizi ni za michezo na uwindaji. Nchini Marekani, chama cha NMLRA kilichoanzishwa mwaka 1933 hukutanisha wapiga shabaha katika kijiji cha Friendship, jimbo la Indiana. Pennsylvania imekuwa na msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume, yaani zinazowashwa kwa cheche ya jiwe, tangu mwaka 1974. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo anayeanza hujikuta akiyauliza.

Mtu atajuaje kama gobore limejazwa?

Kwa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia. Mtutu ukiwa mtupu kabisa, mdeki huingizwa mpaka ugote chini, kisha huchorwa alama pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Alama ya pili huchorwa baada ya kushindilia baruti na risasi ya kipimo cha kawaida. Tangu hapo hakuna kubahatisha: alama ya kwanza ikizama hadi mdomoni, mtutu ni mtupu, ikibaki juu, kuna kitu ndani. Uchunguzi huu hufanywa kila mara gobore linapotolewa lilikohifadhiwa, hata kama mwenyewe ndiye aliyeliweka jana. Kwanza huhakikishwa kwamba fataki, yaani kile kifuniko kidogo kinachowasha baruti, imeondolewa, na muda wote mdomo wa mtutu huelekezwa mbali na watu, akiwemo mwenye kuchunguza.

Wazee wengine wa shabaha walizoea kupuliza pumzi ndani ya mtutu kuona kama njia i wazi. Mazoea hayo yaachwe. Hakuna sababu inayotosha kumfanya mtu aweke midomo yake kwenye mdomo wa bunduki.

Mtutu ukishathibitika kuwa mtupu, hufutwa mafuta ya kuzuia kutu kwa kitambaa kikavu. Kisha hulipuliwa fataki moja au mbili bila baruti, mtutu ukielekezwa kwenye majani ya ardhini. Majani yakitikisika, tundu la moto liko wazi.

Je, baruti yoyote inafaa?

Hapana, na hapa ndipo watu hupoteza macho na vidole. Gobore linataka baruti nyeusi, ile ya kale yenye takriban asilimia 75 ya shura, 15 ya makaa na 10 ya kiberiti, au mbadala uliotengenezwa kwa ajili ya bunduki za aina hii. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na ndiyo inayojazwa kwenye risasi za kisasa. Shinikizo lake ni kubwa kupita kiasi ambacho mtutu wa gobore umejengwa kukihimili. Anayefungua risasi za kisasa ili apate baruti ya kushindilia anatengeneza bomu karibu na uso wake. Rangi pia haiaminiki, maana baruti ya kisasa nayo inaweza kuonekana nyeusi. Baruti isiyo katika chombo chake cha asili, chenye maandishi ya kiwandani, haimwagwi ndani ya mtutu.

Ukubwa wa punje nao una maana. Baruti nyeusi hupangwa kwa herufi F: kadiri F zinavyoongezeka, punje ni ndogo na huungua haraka zaidi. Bunduki ya inchi 0.50 mara nyingi hutumia F mbili au tatu, na F nne huwekwa kwenye kisahani cha gumegume pekee. Kiasi kinachofaa husemwa na mtengenezaji katika kijitabu cha bunduki husika. Jirani mwenye bunduki ya aina nyingine si mshauri wa jambo hili.

Kwa nini baruti isimiminwe moja kwa moja kutoka kwenye pembe inamohifadhiwa?

Kwa sababu ya cheche. Mlio uliopita huweza kuacha kaa dogo linalofuka chini ya mtutu, asilolijua mtu. Kipimo kidogo kikishika moto ni ajali ya kuunguza mkono. Pembe nzima ikishika moto, hakuna mkono. Baruti hutiwa kwanza katika kipimo, pembe huzibwa na kuwekwa mbali, ndipo kipimo humiminwa mdomoni, uso ukiwa kando. Busara ni kusubiri kidogo kati ya mlio na mlio, na kupitisha kitambaa chenye unyevu kisha kikavu.

Risasi ishindiliwe kwa nguvu kiasi gani?

Nguvu si hoja kubwa; hoja ni ikae wapi. Risasi ya mviringo huwa ndogo kidogo kuliko mtutu na hufungwa kwa kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, ambacho hushika mifereji ya ndani na kuizungusha risasi. Kwa mtutu wa inchi 0.50, risasi ya inchi 0.490 ni ya kawaida. Inasukumwa mpaka ikae juu ya baruti kabisa, bila nafasi. Ikiachwa njiani, yenyewe inakuwa kizibo: baruti inalipuka nyuma yake, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Ndiyo maana ile alama ya pili ya mdeki hutazamwa kila baada ya kushindilia, bila kuruka.

Mdeki wa mti hushikwa karibu na mdomo wa mtutu na kusukumwa kwa hatua fupifupi, kama sentimita 20 hivi. Mwenye haraka huushika juu kabisa na kuulalia. Ukivunjika, kipande chenye ncha hupenya kiganja.

Fataki ndiyo huwekwa mwisho, juu ya kifa, yaani kile kijibomba kinachopeleka moto ndani. Huwekwa mpigaji akiwa tayari kwenye mstari wa kufyatulia, mdeki umetolewa na mtutu umeelekea shabaha. Kwa gumegume ni vivyo hivyo na baruti ya kisahani. Asiyefuata utaratibu huu hushindilia bunduki iliyo tayari kulia.

Bunduki ikikataa kulia, mpigaji afanye nini?

Asifanye kitu. Abaki ameielekeza kwenye shabaha na ahesabu dakika nzima, au zaidi. Moto unaweza kuwa unatambaa taratibu kwenye tundu lenye unyevu, na bunduki ikalia sekunde kadhaa baada ya kifyatulio kuvutwa. Anayeishusha mara moja na kuchungulia mdomoni huenda asipate nafasi ya kujutia.

Muda ukipita, huwekwa fataki mpya na kujaribu tena. Ikikataa bado, tundu husafishwa kwa sindano yake. Ikiwa mpigaji alisahau baruti, jambo linalowapata hata wazoefu, risasi hutolewa kwa skurubu maalumu inayofungwa kwenye ncha ya mdeki, au kwa kifaa cha gesi. Fataki huondolewa kabla ya yote hayo.

Macho na masikio hukingwa daima. Gumegume hutema mwali pembeni kwenye tundu lake, hivyo hakuna anayesimama upande huo.

Vipi kuhusu kokoto, nati na vipande vya nondo?

Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa uchungu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, huku ukiacha mlango kwa gumegume zisizo na mifereji. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wapiganaji wengi waliokuwa na bunduki walikuwa na magobore, na risasi zilipokosekana walijaza kilichopatikana. Ilikuwa dhiki ya vita. Leo dhiki hiyo haipo, na bado yapo magobore ya kienyeji yenye mtutu wa bomba la maji, yakijazwa vyuma chakavu.

Chuma hakilainiki kama risasi. Kinaweza kukwama, kukwaruza na kuziba njia, nalo bomba la maji halikutengenezwa kubeba shinikizo la baruti. Hakuna namna salama ya kulifyatua gobore kama hilo.

Baada ya kupiga, je, kusafisha kunaweza kungoja?

Kungoje nini? Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kula chuma mapema. Maji ya moto na sabuni siku ileile, kukausha vizuri, kisha mafuta.

Familia imekuta gobore la babu darini. Ianzie wapi?

Ianzie kwa kutoligusa. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haifi kwa uzee. Januari 2013, wafanyakazi waliokuwa wakisafisha mzinga wa karne ya 18 katika bustani ya Central Park, New York, waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na baruti na kombora. Mzinga huo ulikuwa umewekwa hadharani kwa miaka mingi, watu wakipita mbele yake. Polisi wa mabomu waliitwa kuitoa baruti.

Gobore la darini lisibebwe, lisielekezewe mtu, lisijaribiwe kifyatulio, wala lisipelekwe kwa fundi wa baiskeli. Watoto waondolewe chumbani na polisi waarifiwe waje kulichukua. Kisheria pia ni hivyo: Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya, chini ya sheria yake ya silaha, kukaa na bunduki bila kibali ni kosa. Anayeita polisi awaeleze mapema, kabla hawajaligusa, kwamba haijulikani kama limejazwa.