SOMO LA MWEZI: Maji Taka na Ziwa Letu



Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Watu wanaongezeka, na mahoteli yanajengwa kwa ajili ya wageni wanaokuja kutazama ndege na vifaru. Basi yafaa tujiulize: maji ya vyooni na jikoni mwetu huenda wapi?

Kwanza, tulijue ziwa. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia humo, lakini hakuna mto utokao. Maji hupanda hewani kama mvuke, uchafu hubaki.

Pili, tujue kazi ya mabwawa ya kusafishia. Humo vijidudu hula uchafu, na jua huua viini vingi vya magonjwa. Lakini fosforasi, itokayo katika choo na sabuni, hupita kwa wingi. Hiyo ni mbolea, nayo hukuza mwani. Mwani ukizidi kisha ukaoza, hewa ya majini hupungua na samaki hufa.

Tutazame mji wa Seattle, Marekani. Ziwa Washington lilimwagiwa maji taka yaliyokwisha kusafishwa, hata hivyo mwaka 1955 mwani mbaya ulionekana. Mwanasayansi W. T. Edmondson alieleza chanzo chake. Mwaka 1958 wananchi walipiga kura: mara ya kwanza mpango ulikataliwa, mara ya pili ukakubaliwa. Kati ya 1963 na 1968 maji taka yaligeuzwa yakapelekwa baharini, na ziwa likatakata.

Sisi hatuna bahari ya kupelekea. Kwa hiyo bomba litangulie nyumba. Viwanda viondoe sumu zao kabla ya kumwaga katika bomba la mji. Mabwawa yaongezwe na kutolewa tope kwa wakati. Na fosforasi ipunguzwe kabla maji hayajafika ziwani. Tena, ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010. Maji ya ardhini yakipanda, choo cha shimo karibu na ufuko hufurika.

Maswali ya kujadiliana:

1. Choo chako kimeunganishwa na bomba? Kama sivyo, lori la kunyonya humwaga wapi?

2. Mwenye ploti akiongeza vyumba kumi, nani hukagua choo kwanza?

3. Mabomba yana gharama. Tugawane vipi mzigo huo bila kumwonea maskini?