Mbu Akitunga Mayai, Kinga Yake Hulegea

Mbuzi aliyezaa karibuni husumbuliwa na minyoo kuliko wenzake. Ukipima kinyesi chake wiki chache kabla na baada ya kuzaa, utakuta mayai ya minyoo yameongezeka, kwa sababu mwili unaojenga mtoto na maziwa hulegeza ulinzi dhidi ya wageni waliomo tumboni. Mfugaji wa Oldonyiro, huku magharibi mwa kaunti ya Isiolo, ana kila sababu ya kulijua jambo hilo. Lakini je, mdudu naye yuko hivyo? Swali hili ni zito, maana mbu jike wa jamii ya Anofelesi ndiye anayetuletea malaria, na ndani ya mwili wake kazi ya kutunga mayai na kazi ya kupambana na vimelea huangukia saa zile zile.

Tuanze na mayai. Mbu dume hanyonyi damu kamwe. Yeye na jike wote hupata nguvu ya kuruka kwenye maji matamu ya maua na mimea. Damu ni ya jike peke yake, nayo ni ya kutengenezea mayai. Jike hupandana na dume kwa kawaida mara moja tu maishani, akaziweka mbegu akiba, kisha kila anaposhiba damu huweza kutunga mkupuo mmoja wa mayai. Mlo mmoja unakaribia au kuzidi uzito wa mwili wake. Ndani ya siku mbili au tatu protini ya damu ile imegeuzwa kuwa mayai, kati ya 50 na 200.

Mbu mashuhuri wa maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya ni Anopheles arabiensis. Hutaga kwenye maji ya muda yaliyopigwa na jua: mabaki kwenye laga (mto wa msimu) baada ya mvua, bonde la tairi barabarani, hata alama ya kwato za ng'ombe iliyojaa maji. Huuma watu, huuma na mifugo. Huku malaria si ya mwaka mzima kama kando ya Ziwa Victoria. Hufuata mvua, na ikija huwakuta watu ambao miili yao haijaizoea. Mvua kubwa za El Niño za mwishoni mwa 1997 zilifuatwa na mlipuko mkali wa malaria Wajir, mapema 1998.

Sasa kinga. Mdudu hana mishipa ya damu kama yetu. Maji ya mwili wake yanazunguka wazi kati ya viungo, na hana zile protini za kinga ambazo chanjo hutufundisha kuzitengeneza. Hata hivyo hayuko uchi. Ana seli zinazomeza wavamizi, ana rangi nyeusi ya kumfunika mvamizi hadi afe, na ana protini zinazomnata adui na kumwekea alama ya kuuawa. Kwa mbu wa malaria, protini muhimu sana ni ile inayoitwa TEP1.

Tumfuate kimelea mwenyewe. Mbu akimnyonya mgonjwa, vimelea vya kiume na vya kike huungana ndani ya tumbo la mbu. Hutokea kijidudu chenye umbo la mnyoo, na takriban siku moja baada ya mlo hutoboa ukuta wa utumbo ili kutoka upande wa pili. Hapo ndipo TEP1 inapomngoja, ikielea katika maji ya mwili. Vimelea vingi hufa kwenye kivuko hiki. Vichache vinavyopona hujenga vifuko nje ya ukuta, hukua humo, na baada ya siku kama 10 hadi 14 kwenye joto la kutosha, hupasuka na kumwaga vimelea vichanga vinavyohamia kwenye tezi za mate.

Sasa angalia saa. Katika siku hiyo hiyo ya kwanza, tishu ya mafuta ya mbu inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Inamwaga protini mbili kwenye maji ya mwili: lipoforini, inayosafirisha mafuta, na vitelojenini, inayokwenda kuwa kiini cha yai. Uzalishaji wa kiini cha yai hufikia kilele karibu na saa ya 24, wakati kimelea anavuka ukuta.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mwili una mfuko mmoja wa fedha: ukinunua mayai, hutabaki na fedha za kumlipa mlinzi. Kwa wadudu wengi maelezo hayo yana ukweli, ingawa hata huko njia si ya umaskini mtupu. Mwaka 2002 watafiti Rolff na Siva-Jothy walionyesha kwamba mbawakawa wanaoishi kwenye unga hupunguza kimeng'enya kinachotengeneza ile rangi nyeusi mara wanapopandana, na kwamba homoni ndiyo inayotoa amri. Kwa nzi wa matunda, majike waliopandana hushindwa zaidi na bakteria, lakini majike wasioweza kutunga mayai hawapati udhaifu huo.

Kwa mbu, mimi naona hoja ya mfuko haitoshi. Mbu aliyeshiba damu si maskini; hajawahi kuwa tajiri kuliko saa hiyo. Mwaka 2010 mtafiti Martin Rono na wenzake, wakifanya kazi Ufaransa, walizima jeni za lipoforini na vitelojenini katika Anopheles gambiae, kisha wakawalisha mbu hao damu yenye vimelea vya malaria ya panya. TEP1 ikanata kwenye vimelea kwa ufanisi zaidi, na vimelea vilivyosalimika vikapungua. Kwa hiyo si kwamba mlinzi alikosa mshahara. Bidhaa yenyewe ya uzazi, ikiwa imejaa katika maji ya mwili, inaizuia TEP1 kumshika adui. Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike, kwa sababu linabadilisha mahali pa kutafuta dawa.

Mtu atasema basi tuwafanye mbu wawe tasa, vimelea vitakufa. Subira. Mwaka 2019 kundi la mtafiti Flaminia Catteruccia lilivuruga homoni inayoendesha utungaji wa mayai, safari hii kwa kimelea halisi cha binadamu. Vifuko vilipungua, kama ilivyotarajiwa, lakini vile vilivyobaki vilikua haraka zaidi, kwa sababu mafuta yaliyokosa kwenda kwenye mayai yakawa chakula chao. Mwaka 2020 kundi hilo hilo lilionyesha kwamba mbu aliyekwisha kuambukizwa akipata mlo wa pili wa damu safi, vimelea vyake hukomaa mapema. Mbu wengi hufa kabla vimelea havijakomaa, hivyo kila siku inayopunguzwa huongeza idadi ya mbu wanaofika umri wa kuambukiza.

Wala uzazi hausongi kinga siku zote. Kunguni dume humtoboa jike tumboni anapompanda, na kidonda hicho huingiza vijidudu. Jike amejibu kwa kuwa na kiungo maalumu hapo panapotobolewa, na akishanyonya damu huandaa silaha za kuua bakteria kabla dume hajafika. Kwake damu ni ishara kwamba kidonda kinakuja.

Kwa hiyo mpango wowote wa kupunguza uzazi wa mbu jike kwa kemikali upimwe kwa mambo mawili: idadi ya vimelea vinavyobaki, na kasi yake ya kukomaa. Kipimo kimoja bila kingine kitatudanganya. Na wewe uliye Oldonyiro, mbu asiyepata damu ya mtu hapati kimelea. Mvua ikianza, tundika chandarua chenye dawa kwa kila anayelala, fukia vidimbwi vya karibu na boma visivyonywesha mifugo, na mtoto akipata homa apimwe damu siku hiyo hiyo.